Sehemu ya Pili

Kutaisi, mwezi wa pili. Theluji imegeuka tope.
Nimekaa chumba cha kuhariri, koti mwilini, chai imepoa,
na kwenye skrini Mzekala anausukuma mlango uleule
aliouacha wazi miaka kumi na mitatu iliyopita.

Sehemu ya kwanza iliisha hivi, kama hukuiona:
mwoka mikate anabandika mkate wa mwisho ukutani mwa tanuri,
anafuta mikono, anatoka.
Mlango haurudishi.
Taa za sinema zikawaka
juu ya watu ambao hawajaamua kusimama.
Mama mmoja akanishika mkono kwenye ngazi:
"Mwanangu, ule mkate uliungua?"
Sikumjibu. Nilikuwa kijana,
nikaona swali lake la kijinga.

Kisha sifa. Kisha tuzo ya kioo,
ambayo Nodari huiwekea karatasi zisipeperuke.
Kisha wenye fedha, na viatu visivyojua theluji,
wakasema: watu wanataka kujua.
Alikwenda wapi? Kwa nani? Mumewe alirudi?
Nodari akaandika majibu, moja moja,
kama anayelipa deni la unga dukani.
Alikwenda Batumi. Kwa dada yake.
Mume alirudi, tena na zawadi.
Tanuri moja likawa matatu.
Mvua iliyonyesha kimya safari ile
sasa imetiwa radi na vinanda kumi na viwili.
Hata mbwa aliyekatiza mbele ya kamera kwa bahati tu
amepewa jina, na watoto wanne.

Huku kwetu mgema hana mnazi, ana mzabibu,
na mtungi wake ameufukia ardhini hadi shingoni.
Lakini msifu tu:
mkono wake nao unaijua njia ya kisimani.

Tuliwaonyesha watu thelathini.
Walicheka palepale walipocheka zamani,
kwa adabu, kama unavyomchekea mjomba
anaporudia kisa chake cha harusini.
Walitoka wametosheka.
Nilisimama kwenye ngazi makusudi.
Hakuna aliyenishika mkono.

Usiku ule nikafungua mabaki,
vipande tulivyovikata kabla hata ya kuvitazama.
Kimo kimoja, sekunde arobaini. Kamera inazunguka
na Nodari hajasema "haya."
Mzekala hajui kama anatazamwa.
Goti linamuuma; ameliegemeza kwenye ndoo.
Anaingiza mkono katika tanuri lililopoa,
tanuri lenyewe, lile la kweli, la mtaa wa nyuma ya soko,
anapapasa ukuta kama mtu anayetafuta swichi gizani,
kisha anasimama.
"Hapa," anasema, si kwangu, si kwa yeyote. "Hapa ndipo ulipoungulia."
Kuna alama nyeusi, ukubwa wa kiganja.
Siku ile tulikwenda kula, sote.
Hakuna aliyerudi kuubandua.

Nikaanza kukata.
Batumi ikaenda. Dada akaenda na chumba chake kizuri.
Mume nilimwacha mpaka saa nane,
maana yule mzee aliigiza vizuri, masikini,
kisha naye akaenda na zawadi zake.
Radi nikaizima.

Nodari alikuja asubuhi, kofia mkononi, akatazama yote amesimama.
Dakika sitini na nne.
Mwanamke anarudi alikoacha kitu kikiwaka.
Hasemi alikuwa wapi.
Anakuna ukuta kwa kisu, taratibu, na masizi hayatoki yote.

Nodari alikaa kimya kirefu.
Mtoni chini, barafu ilikuwa ikivunjika vipande vipande.
"Mbwa je?" akauliza.
"Mbwa hapana."
"Hata mmoja kati ya wale wadogo?"

Simu yake ililia. Tuliyajua majina yaliyokuwa juu yake.
Akaigeuza kifudifudi juu ya meza yangu,
akavuta kiti,
akasema, rudisha nyuma,
pale anapoingiza mkono.